Zamda Hasemi Kitu

Ijumaa, 18 Machi 1994

Idi imekwisha, vileja vimekwisha, na umeme umekatika tangu asubuhi. Naanza kuandika humu kwa sababu nikiyasema kwa mdomo ninayoyafikiri juu ya vitabu hivi, mama hunambia nna kichwa kigumu.

Leo nimemaliza Risasi kwa Bwana Harusi. Sijui kwa nini nimekimaliza. Jasusi ana bastola, ana miwani ya jua anayoivaa mpaka ndani ya nyumba, na kila mji ana mwanamke wa kumfungulia mlango na kumwambia, "Nilijua utakuja." Kitabu kizima hali chakula. Anakunywa na kuvuta sigara tu, kisha anapigana na kundi zima la watu na shati lake halichafuki. Katikati ya kitabu analetwa Unguja. Anashuka bandarini, anakodi teksi, inampeleka mpaka mlangoni kwa adui yake, mtaa wa Hurumzi. Hapo ndipo nlipokitupa kitandani. Teksi ipite wapi Hurumzi na vichochoro vile, juu ya mapaa ya watu? Huyu bwana aliyeandika hajapata kuukanyaga mji huu, wala hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Halafu nikakiokota nikaendelea. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba niliendelea.

Vitabu ananiletea Mwanakheir. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Kwao ni Watumbatu waliohamia Amani, na kaka yake hupanda boti kwenda Dar kuchukua bidhaa, akirudi huwa na riwaya chini ya kapu. Mpaka kitabu kinifikie mimi huku Kiponda kimeshapita mikononi mwa nusu ya wanawake wa Amani. Kina mafuta ya nazi, kina alama za vikombe, na mara nyingi hakina jalada.

Jumatatu, 21 Machi

Imekuja posa.

Anaitwa Anuar, kwao Malindi, anafanya kazi Maskati. Mama yake ni Bi Sichana, tunajuana nao kwa harusi na kwa matanga. Anuar mwenyewe nimemwona mara moja, alikuwa amebeba sinia la wali katika harusi ya mtu, shati lina doa la mchuzi. Sina ubaya naye. Simjui tu.

Tangu baba afariki, msimamizi wetu ni Ami Badar, mdogo wake. Mama amenambia leo, huku anachambua mchele, "Ami yako atakuja kukuuliza. Yeye si mtu wa kumlazimisha mtoto. Ataka kukusikia."

"Vizuri," nikasema. "Na mimi nna la kusema."

Ninalo, tena si dogo. Nimeshapangiwa kusomesha skuli ya Fumba, naanza muhula wa Julai. Mwaka mzima nimekaa nasubiri kupangiwa. Nikisema ndiyo, basi Fumba hakuna tena, ni Maskati, na mume nisiyejua hata kama huwa anacheka. Sijasema sitaki. Nataka kwanza nimuulize ami mawili matatu, na yeye akamuulize Anuar. Nimeshayapanga maneno yangu.

Mama akaniangalia kidogo, akarudi kwenye mchele wake.

Ijumaa, 25 Machi

Mvua. Paa linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Ndoo moja ngazini, sufuria moja ukumbini.

Jumanne, 29 Machi

Nimeanza Kilio cha Zamda. Mwanakheir kaniapia kwamba Amani nzima wamelia. Mimi nimefika theluthi yake na natamani kulia kwa sababu nyengine.

Zamda ni yatima, analelewa na mjomba. Ni mzuri, na mwandishi anatukumbusha uzuri wake kila anapoingia chumbani, usije ukasahau ulipokwenda kuteka maji. Anampenda daktari mmoja kijana. Daktari naye anampenda. Wanaonana kisimani, wanatazamana, hawasemi. Wanaonana tena dukani, wanatazamana, hawasemi. Lau mmoja wao angefungua mdomo, kitabu kingekwisha na sisi tungelala. Lakini la. Mjomba anamuuza Zamda kwa tajiri mmoja mzee mwenye mashamba, na Zamda anainamisha kichwa.

Wanawake gani hawa? Mimi nimezaliwa na kukulia mji huu, wanawake nnaowajua mimi wanasema. Wanasema sokoni, wanasema dirishani, wanasema msibani mpaka maiti anasahauliwa. Wa vitabuni ndio wamekatwa ndimi.

Jumamosi, 2 Aprili

Mama ambaye siku zote huviita vitabu vyangu "makaratasi yako yale" leo kanambia ghafla, huku anakoroga uji, "Yule mtoto kafanyaje?"

"Mtoto yupi?"

"Yule uliyekuwa ukimtukana jana."

Nikamhadithia. Akataka nimsomee. Mama anasoma Qur-ani vizuri sana na barua akiandikiwa kwa harufi za Kiarabu anaisoma, lakini hizi za kizungu zinamchosha macho. Basi nimekaa nikamsomea pale Zamda anapoambiwa habari ya tajiri. Nlitegemea tutacheka pamoja. Hakucheka. Aliacha kukoroga, uji ukashika chini, na mama si mtu wa kuunguza uji.

"Maskini," akasema.

"Maskini wa nini? Si aseme?"

"Wewe soma tu, Ulfat."

Nikasoma, lakini kwa hasira, na nafikiri ilisikika.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua kutwa. Baada ya laasiri alipita Ami Badar, nlimsikia mlangoni akizungumza. Mimi nlikuwa dirishani na Zamda, pale pale penyewe, pale anapokuja mjomba kumuuliza mbele ya mashahidi kama ameridhia kuolewa na yule mzee. Nyumba nzima inamsubiri. Daktari yuko nje chini ya mti. Na Zamda, Mungu amsamehe mwandishi wake, anadondosha machozi juu ya mikono yake yenye hina na hasemi kitu. Sema, mwanamke. Nlikuwa nikimwambia hivyo kwa moyo wangu wote, meno yameniuma kwa kuyakaza. Hakusema.

Ami hakukaa sana. Alipokuwa akitoka nlimsikia akisema Alhamdulillah.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimemaliza Zamda. Unajua yule tajiri anaondokaje? Anaumwa na nyoka. Nyoka mwenyewe hajatajwa popote kabla, anatokea ukurasa mmoja, anauma, anakwenda zake. Kisha daktari anarudi, wanatazamana kwenye mvua, mwisho. Miaka yote ile ya mateso, na aliyemkomboa Zamda ni nyoka.

Nlitaka kumrudishia Mwanakheir leo. Mama kasema kibaki kwanza.

Alkhamisi, 14 Aprili

Naandika kwa haraka, sijui kama nitaweza kujisoma baadaye.

Leo baada ya adhuhuri nimesikia vigelegele ngazini. Nikadhani harusi ya jirani wa chini. Nikafungua mlango nimevaa kanga ya kupikia, nywele hazijasukwa, na mbele yangu amesimama Bi Sichana na wenzake wanne, na sinia la halua limefunikwa kitambaa cha kijani. Bi Sichana kanivuta, kanibusu kipaji cha uso.

"Mkaza mwanangu," kasema. "Mashaallah. Umetufurahisha."

Nikamwangalia mama. Mama kashika pazia, anatabasamu lakini machoni hana furaha.

Wakaingia, wakakaa, wakala, wakanywa kahawa. Wakasema Anuar kapigiwa simu Maskati kaambiwa jawabu, kafurahi mpaka kakata simu kabla hajasema kwaheri. Wakasema nikaha itakuwa baada ya Idi kubwa, akija likizo. Wakanitia kipande cha halua mkononi na mimi nikakila. Ndiyo, nlikila. Nlikuwa na swali moja tu kichwani, jawabu gani, na sikulisema, kwa sababu wanawake watano walikuwa wakiniangalia kwa mapenzi na mimi nlikuwa na halua mdomoni.

Walipoondoka nikamuuliza mama, "Jawabu gani?"

"Si jawabu lako ulilompa ami yako?"

"Mimi sijampa ami jawabu lolote."

"Siku ile ya mvua. Alisimama hapo mlangoni, akakueleza yote, akakuuliza, mwanangu umeridhia? Ukanyamaza. Akakuuliza tena, ukanyamaza, ukainama. Akashukuru Mungu."

Nikakaa chini sakafuni. "Mama, nlikuwa nasoma."

"Nlikuona na kitabu," mama akasema. "Nlidhani umejificha kwa haya."

Ijumaa, 15 Aprili

Sikulala. Naliandika tena jambo hili polepole, huenda nikalielewa.

Kwetu mwanamwali akiulizwa kuhusu ndoa hategemewi kupayuka. Akinyamaza, basi ameridhia, na wazee wanaondoka wakishukuru. Hili nalijua tangu utotoni. Nimewaona wasichana wa ukoo wetu wakiulizwa hivyo, wakanyamaza, wakaolewa, na wengine wako raha mustarehe mpaka leo. Ami Badar hakunihadaa. Alipanda ngazi zile kwenye mvua, na magoti yake yale, ili aje aniulize kwa heshima, mara mbili. Akapata jawabu ambalo wazee wake wote walilikubali.

Na mimi nlikuwa wapi? Nlikuwa kwa Zamda. Nlikuwa namtukana mwanamke wa karatasi kwa kuwa kaulizwa kanyamaza, wakati huo huo naulizwa nimenyamaza. Hata ningeisoma katika riwaya ningeitupa, ningesema mwandishi katia chumvi.

Nimemwambia mama nataka kwenda kumwambia ami. Mama akakaa kitako kitandani.

"Uende ukamwambie nini?"

"Kwamba sijajibu."

"Halua imeshaliwa, Ulfat. Watu wameshaambiwa mpaka Maskati. Ami yako ametoa neno kwa mdomo wake, na mdomo wake ndiyo mali pekee aliyonayo. Utamfanya uso wake uwe wapi pale msikitini? Yule ndiye anayetusitiri tangu baba yako aondoke."

"Kwa hivyo ninyamaze?"

Mama akatoka kwenda kumwaga ndoo, na ndoo yenyewe haikuwa imejaa.

Jumanne, 19 Aprili

Mwanakheir kaleta Mfuko wa Almasi. Msichana humo wanataka kumuoza kwa nguvu, mnajua anafanyaje? Anazimia. Anazimia mbele ya wageni, anapelekwa hospitali, muuguzi anamtorosha. Nimekifikiria sana kitendo hicho, lakini mimi sijapata kuzimia, na nikijitia kuzimia mama atanimwagia maji na kunitia kitunguu puani.

Ijumaa, 22 Aprili

Sijasema.

Jumapili, 24 Aprili

Mvua. Sijasema.

Alkhamisi, 28 Aprili

Leo nlikwenda. Ami Badar ana shamba dogo la mdalasini na karafuu karibu na Kizimbani, na nlijua anarudi kabla ya adhuhuri. Nlimkuta kwake, kakaa kibarazani ndani, miguu kaitia katika beseni la maji ya moto.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Bwana harusi hajambo?"

Akacheka mwenyewe. Sijamwona ami yangu akifanya mzaha tangu tumzike baba. Akanambia usiku ule baada ya kupeleka jawabu alisali rakaa mbili za shukrani, kwa kuwa amana ya ndugu yake ameifikisha mahali pema. "Umenifanyia wepesi," kasema. "Wasichana wa siku hizi ukiwauliza wanakupa masharti. Wewe umenisitiri."

Nikamkamulia kitambaa cha kufutia miguu, nikamwongezea maji ya moto. Nikarudi nyumbani. Sijasema.

Njiani nlikuwa na hasira isiyo na mfano, na si kwa ami. Kwa vitabu. Nimesoma riwaya tangu nikiwa darasa la tano, nimefundishwa namna ya kupenya dirishani kwa kamba ya shuka, namna ya kutia sumu katika kahawa, namna ya kumtambua jasusi kwa viatu vyake. Hakuna hata kimoja kilichonionesha mtu wa kawaida anavyomwambia mzee anayempenda maneno mawili ya kumvunja moyo. Ikifika hapo wanaleta nyoka. Wanaleta ajali ya gari, wanaleta pacha aliyepotea. Waandishi wote hawa wanaogopa mahali pale pale ninapoogopa mimi, na wao wamelipwa.

Jumatano, 4 Mei

Mama anataka Zamda tena. Hii ni mara ya tatu, na si kitabu kizima, ni pale pa kuulizwa tu. Nimemwambia pale ndipo panaponitia kichefuchefu, hasa sasa. Akasema, "Basi soma kidogo tu." Nikamsomea. Alikuwa anashona kofia, sindano ikasimama.

Nimeanza kumkasirikia na yeye. Nafikiri anafanya makusudi, ananifundisha namna ya kuinamisha kichwa.

Jumanne, 10 Mei

Mwanakheir kaja kudai kitabu, wanawake wa Amani wanamlalamikia, kuna wanaokisubiri tangu Mfungo mosi, mwezi ule wa Idi. Nikamwambia kwamba mama hakitoi. Kisha nikamwambia na yale mengine, yote, mpaka kipande cha halua.

Alicheka kwanza. Nlimwacha acheke, kwa sababu kweli inachekesha. Kisha akafuta macho na kusema, "Sasa Ulfat, wewe mwanamme humtaki au umekasirika hukuulizwa?"

"Niliulizwa. Ndilo tatizo."

"Jibu basi."

Nikafikiri. Nikamwambia kweli: lau ningesikia siku ile, pengine ningeuliza maswali yangu, na pengine mwisho wake ningekubali. Sijui. Lakini kila siku inayopita naona Fumba inanitoka, naona mahali pale pa kubandika ramani ukutani nlipopaona nilipokwenda kuitazama skuli. Kwa hivyo sasa najua. Simtaki. Nataka kusomesha.

"Basi kasemeni," Mwanakheir kasema, kama vile Zamda na mimi tuko wawili.

"Rahisi kusema wewe."

"Kwetu Tumbatu bibi yangu aliposwa akamjibu babake mbele ya watu kwamba yule bwana ananuka papa. Wakacheka, yakaisha. Nyinyi watu wa mjini mna mapazia mengi mno." Akachukua Mfuko wa Almasi, akaenda zake.

Jumatatu, 16 Mei

Anuar anawasili wiki ijayo. Ami atakuja Alkhamisi kupanga siku ya nikaha. Mama kanunua kahawa mpya.

Alkhamisi, 19 Mei

Nimesema.

Nitaiandika yote, hata ile isiyonipendeza.

Ami Badar alikuja baada ya laasiri, mwavuli unachuruzika. Mama akampa taulo na kahawa. Mimi nlikaa pale pale dirishani, sina kitabu. Ami akaanza habari za siku, akasema Jumapili baada ya Idi, akasema mashahidi ni nani na nani. Nikasikia sauti yangu imetoka kabla mimi sijawa tayari.

"Ami, mimi sijaridhia."

Akaweka kikombe chini. "Hujaridhia siku? Tunaweza kusogeza."

"Sijaridhia kuolewa. Siku ile uliponiuliza sikukusikia, ami. Nlikuwa nasoma."

"Nlisimama hapo," kasema, akaonesha mlango kwa kidole. "Nlikuuliza mara mbili."

"Mama kanambia. Mimi sikusikia hata moja."

"Ulikuwa unasoma nini?"

Ningeweza kusema Qur-ani. Wallahi ilinijia. "Riwaya," nikasema.

"Riwaya." Alilitamka neno lile polepole. "Kwa hivyo niende Malindi, nigonge mlango wa watu, niwaambie mtoto wa ndugu yangu hakujibu, alikuwa anasoma riwaya. Halua yao imeliwa humu ndani."

"Hata mimi nilikula," nikasema. "Waambie kosa langu, ami. Waambie hivyo hivyo."

Uso wake ukawa mwekundu. Hakunipigia kelele, na bora angenipigia. Alisema ameozesha wasichana wa ukoo huu tangu mimi sijazaliwa, na msichana akiulizwa akanyamaza ndiyo ridhaa yake, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo atakavyozikwa. Nikamwambia ni kweli, ami, lakini awe amesikia. Hapo akanigeuzia kisogo na kumwambia mama.

"Bi Tamima. Wewe ulikuwepo. Kanyamaza au hakunyamaza?"

Mama alikuwa kasimama na buli la kahawa. "Kanyamaza," akasema.

Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuinuka nitoke, nisilie mbele yao.

"Na mimi siku yangu, Badar," mama akasema, "unakumbuka nlifanya nini?"

Mama siku zote humwita shemeji. Hajapata kumwita kwa jina mbele yangu. Ami akageuka.

"Siku gani?"

"Siku aliyokuja baba yangu kuniuliza juu ya ndugu yako. Wewe ulikuwa kijana, ulikuwa nje pamoja na watu wa bwana harusi. Mliambiwaje?"

Ami akafikiri. "Tuliambiwa unalia kwa haya. Tuliambiwa umeridhia. Tukaletewa chakula."

"Nlikuwa nalia tu," mama akasema. "Haya nlikuwa sina. Nlikuwa sitaki."

Mvua ilikuwa imepungua, nasikia matone ndani ya sufuria. Mama akaweka buli chini.

"Ndugu yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Aliniweka vizuri, sikuona baya kwake, na simsemi. Nasema sikujibu. Nlilia, wakachukua kilio changu wakatoka nacho nje, kikawa jawabu. Mpaka leo hakuna aliyenirudia kuniuliza. Huyu mtoto nlimwona ana kitabu, nikajiambia kajificha kwa haya. Mimi, miongoni mwa watu wote."

Ami Badar akazungusha kile kikombe kitupu. Kisha akageuza kiti chake mpaka akanikabili, akakohoa, akaniita kama vile niko chumba kingine.

"Ulfat."

"Naam, ami."

"Nakuuliza mbele ya mama yako. Anuar amekuposa. Umeridhia au hukuridhia?"

"Sikuridhia, ami."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akavaa kofia yake, akatafuta mwavuli, mama akampa. Aliteremka ngazi polepole, anashika ukuta. Nlitega sikio mpaka mlango wa chini ukafungwa. Hakusema Alhamdulillah.

Hakuna aliyezimia, wala hakutokea nyoka. Mama alisema sufuria imejaa, nikaenda kumwaga.

Jumapili, 29 Mei

Idi ya kimya. Ami hakuja, tulimpelekea chakula, vyombo vilirudi vimeoshwa bila salamu. Bi Sichana kanipita Darajani kageuza uso, na ana haki. Nasikia Anuar kakasirika siku mbili, kisha kauliza ni riwaya gani hiyo. Hilo lilinichoma kidogo. Huenda angekuwa mtu wa kuzungumza naye. Sasa hatutajua.

Mwanakheir kaniletea Mke wa Mzimu. Nimesoma kurasa kumi. Mzimu ndiye mwenye akili humo ndani.

Alkhamisi, 9 Juni

Kazi ya Fumba imethibitishwa kwa barua. Nimenunua chaki zangu mwenyewe.

Jumapili, 12 Juni

Jua. Mama ameanika magodoro yote juu ya dari, na nyumba haina harufu ya mvua tena. Asubuhi Ami Badar alipita njiani, akaita kutoka chini. Nikachungulia. Shikamoo ami, marahaba, skuli zinafunguliwa lini? Nikamwambia. "Barabara ya Fumba mbovu," akasema. "Uvae viatu vya kufunga." Hakupanda, akaendelea na njia yake. Mama alisimama nyuma yangu akamsindikiza kwa macho mpaka kona.

Mwanakheir anakuja kesho kuchukua Zamda, safari hii hataki kusikia udhuru. Nikamwambia mama. Akasema basi nimsomee mara ya mwisho.

"Pale pa nyoka?" nikamuuliza. "Pale pa daktari?"

"Wapi nyoka. Pale pangu."

Nimekaa naye juu ya godoro. Hasira zote nilizokuwa nazo kwake zile siku za mvua, kwamba ananifundisha kuinama, nilizitafuta leo na sikuziona. Alikuwa hanifundishi kitu. Alikuwa anasoma, kama ninavyosoma mimi, anasubiri yule mwanamke aseme.

Nikafungua. Nikasoma: "Mjomba akasimama mlangoni, mashahidi nyuma yake, akamuuliza Zamda kama ameridhia. Nyumba nzima ikanyamaza. Zamda akainamisha kichwa, machozi yakadondoka juu ya mikono yake yenye hina, naye..."

"Hapo," mama akasema. "Soma, akasema hataki."

"Mama, haikuandikwa hivyo."

"Najua haikuandikwa. Kwani mimi nimekuuliza iliyoandikwa? Soma."

Nikakiangalia kitabu, nikasoma: "Zamda akainua kichwa, akamtazama mjomba wake, akasema, 'Sitaki.'"

Mama akafumba macho.

"Tena," akasema.

Nikamsomea tena.